Kafeini na Misuli Laini: Kahawa na Chai Zinavyofanya Kazi Mwilini mwa Mama na Mtoto

Maswali haya husikika kliniki mara kwa mara: "Nesi, mtoto akibanwa na pumu usiku, nimpe kahawa?" "Nina mimba ya miezi saba, kahawa haitaniletea uchungu kabla ya siku zangu?" "Mbona mwanangu halali vizuri tangu nirudie kunywa kahawa?" Ni maswali mazuri, na kwenye kila moja kuna ukweli kidogo uliochanganyika na hatari.

Kafeini, ambayo ni kiini kinachochangamsha katika kahawa na chai, kweli inaweza kugusa misuli ya mirija ya hewa, ya mishipa ya damu na ya mfuko wa uzazi. Lakini kugusa si kutibu, na kiasi kilichomo kwenye kikombe ni tofauti kabisa na kile kinachotumika maabara. Ukielewa tofauti hiyo, utajua lini kikombe chako hakina shida na lini kinaweza kumchelewesha mtoto kupata matibabu.

Kwa ufupi

- Kahawa haichukui nafasi ya pampu ya pumu. Mtoto aliyebanwa apewe dawa yake na apelekwe kituo cha afya.
- Mama mjamzito au anayenyonyesha asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani takriban vikombe viwili vikubwa vya kahawa ya unga inayoyeyuka.
- Mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa kafeini ambayo mtu mzima huitoa kwa saa chache.
- Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula wala vidonge vya kuongeza damu.

Kafeini iko wapi?

Kafeini hupatikana kwenye kahawa, majani ya chai na kakao. Pia huongezwa viwandani kwenye soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za maumivu. Viwango hubadilika kulingana na aina na namna ya kupika, lakini makadirio haya yatakusaidia:

- Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga inayoyeyuka: miligramu 100
- Kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa: miligramu 140
- Kikombe kikubwa cha chai: miligramu 75
- Kopo la kola la mililita 330: miligramu 40
- Kopo la Red Bull la mililita 250: miligramu 80
- Vidonge viwili vya Panadol Extra: miligramu 130

Hicho cha mwisho huwashangaza wengi. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini. Mama aliyemeza viwili na kunywa kikombe kimoja cha kahawa tayari amevuka miligramu 200. Ukiwa mjamzito na kichwa kinauma, omba parasetamoli ya kawaida isiyo na kafeini.

Aina ya kahawa nayo ina uzito wake. Robusta, inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Buni za kutafuna nazo zina kafeini, zihesabu. Na udogo wa kikombe cha kahawa chungu usikudanganye: hakinywewi kimoja, hufuatana na cha pili na cha tatu huku kashata zinaendelea kuliwa.

Misuli laini ni ipi?

Unapoinua ndoo ya maji unatumia misuli unayoiamuru mwenyewe. Lakini ipo misuli mingine isiyongoja amri yako. Inazunguka mirija ya hewa kwenye mapafu, mishipa ya damu, tumbo na utumbo, kibofu cha mkojo na mfuko wa uzazi. Hiyo huitwa misuli laini. Ndiyo inayosukuma chakula, inayopanua na kubana mishipa ya damu, na ndiyo inayokaza wakati wa uchungu wa kujifungua. Kwa mgonjwa wa pumu, misuli laini ya mirija ya hewa inakaza kupita kiasi na njia ya pumzi inakuwa nyembamba.

Kalsiamu ndiyo inayoamrisha

Wengi tunaijua kalsiamu kama madini ya mifupa na meno. Lakini kalsiamu ina kazi nyingine kubwa, nayo ni kuiamrisha misuli ikaze. Mwaka 1883, daktari wa London aitwaye Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huacha kupiga vizuri ukiwekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, na hupata nguvu tena kalsiamu ikiongezwa. Jina lake bado tunalitaja wodini hadi leo: dripu ya Ringer imetokana na kazi yake.

Fikiria seli ya msuli laini kama nyumba. Nje ya nyumba kalsiamu ni nyingi, takriban mara 10,000 kuliko iliyo huru ndani. Kwenye kuta kuna milango midogo ambayo kwa kawaida imefungwa. Ndani kuna ghala ambamo kalsiamu nyingine imehifadhiwa.

Msuli ukitakiwa kukaza, mambo haya hufuatana:

1. Ishara inafika, milango ya ukutani inafunguka na kalsiamu inaingia.
2. Ghala nalo linafunguka na kumwaga kalsiamu yake.
3. Kalsiamu inajishika kwenye protini iitwayo kalmodulini, nayo inaamsha kimeng'enya kinachofanya nyuzi za msuli zivutane. Msuli unakaza.
4. Kazi ikiisha, seli inasukuma kalsiamu nje na kuirudisha ghalani. Msuli unalegea.

Basi kinachofungua milango hiyo hukaza msuli, na kinachoifunga huulegeza. Dawa kadhaa unazoziona hospitali hufanya kazi hapa. Nifedipini, anayopewa mjamzito mwenye presha, hufunga milango ya ukutani ili mishipa ya damu ilegee. Dawa hiyohiyo wakati mwingine hutumika kutuliza uchungu ulioanza mapema, ili mtoto apate muda wa sindano za kukomaza mapafu kufanya kazi.

Kafeini inafanya nini kwenye milango hiyo?

Maabara, wanasayansi huchukua kipande cha msuli laini na kukiweka kwenye maji yenye kafeini nyingi. Kwanza kafeini inalazimisha ghala lifunguke. Kalsiamu inamwagika na msuli unaweza kukaza kwa muda mfupi. Kisha mambo yanageuka: ghala limebaki tupu, kafeini inaiziba milango ya ukutani, na inaongeza ishara nyingine ya ndani ya seli inayouambia msuli ulegee. Mwisho wake, msuli unalegea.

Ndiyo maana utasikia mtu akisema "kafeini hukaza misuli" na mwingine akasema "kafeini hulegeza misuli". Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja akisimulia sehemu yake ya jaribio.

Lakini kikombe si maabara

Baada ya kunywa kikombe kimoja cha kahawa, damu ya mtu mzima huwa na takriban miligramu 2 za kafeini kwa kila lita. Majaribio niliyoyaeleza hapo juu hutumia kuanzia karibu miligramu 200 kwa lita hadi maelfu. Mtu hawezi kufika huko kwa kunywa kahawa: kafeini ikifika miligramu 80 hivi kwa lita ya damu, inaweza kuua.

Kwa hiyo, kwa kiasi cha kikombe, kafeini haifungui ghala la kalsiamu wala haizibi milango kwa nguvu ya kuonekana. Inafanya kazi nyingine. Mwili hutengeneza kemikali iitwayo adenosini, inayoleta usingizi na kupanua mishipa mingi ya damu. Adenosini ina viti vyake maalumu kwenye seli. Kafeini inafanana nayo kiasi cha kuvikalia viti hivyo, na adenosini ikifika inakosa pa kukaa. Ndipo usingizi unapaa, moyo unachangamka na baadhi ya mishipa inabana kidogo.

Shika jambo hili, kwa kuwa majibu yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Mirija ya hewa: je, kahawa inatibu pumu?

Imani hii haikuzuka hewani. Mwaka 1860 daktari wa London, Henry Hyde Salter, alichapisha kitabu kuhusu pumu na humo aliisifu kahawa kali. Wakati huo hapakuwa na pampu. Salbutamoli ilianza kuuzwa mwaka 1969. Kafeini pia ni ndugu wa teofilini na aminofilini, dawa zilizotumika miaka mingi kwa pumu. Na tafiti za siku hizi zinaonyesha kwamba kafeini hupanua mirija ya hewa kidogo, kwa muda wa hadi saa 4. Ndiyo maana mgonjwa anayekwenda kupimwa nguvu za mapafu huambiwa asinywe kahawa wala chai kabla ya kipimo.

Kwa nini basi tusimpe mtoto aliyebanwa? Zipo sababu nne.

- Ni dhaifu. Unafuu wake ni mdogo ukilinganisha na pampu. Mtoto anaweza kuonekana ametulia kidogo huku mirija ikizidi kubana.
- Inachelewa. Kahawa hupitia tumboni, na hufikia kilele kwenye damu baada ya nusu saa hadi saa moja. Salbutamoli ya kuvuta inafika kwenye mirija moja kwa moja na huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache.
- Haigusi uvimbe na makamasi. Pumu si kukaza kwa misuli peke yake. Mirija huwa imevimba na kujaa ute, na hapo zinahitajika dawa nyingine ambazo kahawa haina.
- Inaongeza mzigo kwa moyo. Salbutamoli tayari huongeza mapigo ya moyo na kutetemesha mikono. Kafeini juu yake huzidisha hayo, na mtoto anayetweta akinyweshwa anaweza kupaliwa.

Kinachomuumiza mtoto zaidi ni muda unaopotea. Mama anachemsha maji, anakoroga, anapooza, anangoja aone. Saa imepita, na mtoto amechoka kupumua.

Fanya hivi: mkalishe mtoto wima, mlegeze nguo. Mpe pampu yake ya salbutamoli kwa kutumia chemba ya kuvutia dawa. Kama huna, chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, inaweza kutumika. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe kuitengeneza kabla siku ya dharura haijafika. Bonyeza mara moja, mtoto avute pumzi tano, kisha rudia. Kwa mtoto mdogo, kwa kawaida ni mibonyezo 2 hadi 6, na inaweza kurudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Fuata maelekezo uliyopewa kliniki, na kama hapati nafuu, iwe safarini kuelekea hospitali, si nyumbani mkisubiri.

Mishipa ya damu: kichwa na presha

Kwenye ubongo, adenosini hupanua mishipa na kafeini huibana. Ndiyo sababu kafeini huwekwa kwenye baadhi ya dawa za kichwa. Ndiyo sababu pia mnywaji wa kila siku akiacha ghafla huumwa kichwa. Wanaofunga Ramadhani wanaijua hali hii: kichwa cha siku za kwanza mara nyingi ni kwa kukosa kahawa ya asubuhi, pamoja na kiu na njaa. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kuacha na yanaweza kudumu siku kadhaa. Kama mfungo unakaribia, au umepata mimba na unataka kupunguza, punguza kidogokidogo kwa wiki moja au mbili badala ya kuacha siku moja.

Kwa mtu asiyeizoea, kafeini inaweza kupandisha presha kidogo kwa saa chache. Ukienda kupima presha kliniki, usinywe kahawa nusu saa kabla.

Angalizo kwa mjamzito: kichwa kinachouma sana baada ya wiki ya 20, hasa kikiambatana na kuona maluweluwe, maumivu chini ya mbavu au kuvimba uso, usikinyamazishe kwa kahawa wala kwa dawa zenye kafeini. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Nenda upimwe presha na mkojo siku hiyohiyo.

Mfuko wa uzazi: je, kahawa inaleta uchungu?

Mfuko wa uzazi ni msuli laini, na unakaza kwa kalsiamu kama mingine. Lakini kama tulivyoona, kikombe hakina kafeini ya kutosha kufungua milango hiyo. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kahawa ya kiasi huanzisha uchungu. Vilevile haizuii uchungu ulioanza; ukihisi tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, nenda hospitali.

Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha wajawazito 1,207 waliokuwa wakinywa kahawa vikombe 3 au zaidi kwa siku. Katika nusu ya pili ya ujauzito, kundi moja lilipewa kahawa ya kawaida na jingine kahawa iliyoondolewa kafeini. Makundi yote mawili yalijifungua mimba zikiwa na umri unaolingana, na uzito wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Je, hiyo inamaanisha unywe upendavyo? Hapana. Kafeini hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye hana uwezo wa kuivunja. Mwili wako nao unapunguza kasi: mtu mzima huitoa nusu ya kafeini kwa saa 5 hivi, lakini miezi ya mwisho ya ujauzito nusu hiyo inaweza kuchukua hadi saa 15. Kikombe cha asubuhi bado kimo mwilini usiku. Tafiti nyingi zilizofuatilia wajawazito zimehusisha kafeini nyingi na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze. Mamlaka nyingi za afya, zikiwemo za Uingereza na za Umoja wa Ulaya, zimeweka mpaka wa miligramu 200, na huo ndio ninaokushauri uushike.

Ukijifungua na kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, fahamu pia kwamba huchelewesha kafeini kutoka mwilini, karibu mara mbili. Ukiona kahawa ileile sasa inakunyima usingizi, huenda sababu ni hiyo.

Unaponyonyesha

Kiasi kidogo cha kafeini unayokunywa, karibu asilimia 1 au chini ya hapo, hupita kwenye maziwa. Hufikia kilele saa 1 hadi 2 baada ya kunywa. Ni kidogo, lakini ini la mtoto mchanga bado halijakomaa. Nusu ya kafeini inayotoka kwako kwa saa 5, kwake inaweza kuchukua siku 3 hadi 4. Leo kidogo, kesho kidogo, inajikusanya. Kadiri miezi inavyosonga ini linakomaa, na kufikia karibu miezi 6 hali huwa tofauti kabisa.

Basi ukiona kichanga anashtukashtuka, analia bila kutulia na halali, hesabu vikombe vyako, soda na dawa zako. Kata kwa nusu, kisha subiri angalau wiki moja kabla ya kuamua kama kimesaidia. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya kahawa, punguza kahawa. Na mtoto aliyegoma kunyonya, mwenye homa au aliyelegea, hilo si jambo la kafeini: mpeleke kituoni.

Kwa nini basi hospitali huwapa watoto njiti kafeini?

Mama mwenye mtoto njiti huweza kushangaa kuona neno kafeini kwenye chati ya mwanawe. Mtoto aliyezaliwa mapema sana husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi haijakomaa. Kafeini huziba viti vya adenosini na kuuchangamsha ubongo huo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliohusisha watoto 2,006 wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250, ulioanza kutoa matokeo mwaka 2006, ulionyesha kuwa waliopewa walipata matatizo machache zaidi ya mapafu, na walipofika umri wa karibu mwaka mmoja na nusu walikuwa na maendeleo mazuri zaidi kuliko wasiopewa.

Lakini hiyo ni dawa safi iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, akiwa anaangaliwa mapigo na pumzi. Kijiko cha kahawa nyumbani si dawa hiyo. Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee, bila maji, chai wala kahawa.

Chai ya mtoto mdogo

Kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate ni kifungua kinywa cha watoto wengi. Tufanye hesabu. Nusu ya kikombe kikubwa cha chai ina karibu miligramu 37 za kafeini. Kwa mama wa kilo 60 ni kidogo sana, kama miligramu 0.6 kwa kila kilo. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 3 kwa kilo, mara tano yako, kwa kikombe ambacho wewe ungesema ni "chai kidogo tu".

Zaidi ya hapo, chai ina vitu vinavyoshika madini ya chuma tumboni. Ikinywewa pamoja na maharage, mboga au uji, inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kisiingie mwilini. Mtoto anakula, lakini damu haiongezeki. Mpe maziwa, uji wenye lishe au maji. Wewe nawe, kama unameza vidonge vya kuongeza damu, kunywa chai au kahawa saa moja au zaidi kabla au baada ya vidonge na chakula.

Maswali mengine yanayoulizwa

*Kahawa inamaliza kalsiamu ya mifupa?* Kafeini huongeza kidogo kalsiamu inayotoka kwa mkojo. Kijiko kimoja au viwili vya maziwa kwa kikombe vinatosha kufidia. Shida hutokea kwa mama anayekunywa kahawa nyingi na hapati maziwa, dagaa wa kuliwa na mifupa yake wala mboga za majani.

*Nimepewa vidonge vya kalsiamu kliniki. Havitakaza mfuko wa uzazi?* Hapana. Mwili hulinda sana kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na milango ya seli haifunguki kwa sababu umemeza kidonge. Vidonge hivyo hutolewa kwa wajawazito wasiopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Vimeze, ila usivichanganye wakati mmoja na vile vya kuongeza damu.

*Mbona kahawa inanipa kiungulia na kunikimbiza chooni?* Kahawa inaweza kulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, ambao ujauzito umeshaulegeza tayari. Kibofu nacho huchokozeka kwa kafeini. Punguza, na usinywe karibu na kulala.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona

- Mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani kwenye mbavu, au anatoa sauti ya filimbi isiyopungua baada ya pampu.
- Mtoto anashindwa kunyonya, kunywa au kuongea kwa sababu ya pumzi.
- Midomo au ulimi unageuka rangi ya bluu, au mtoto analegea na kusinzia isivyo kawaida.
- Mtoto amekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu au kumeza vidonge vyenye kafeini, kisha anatapika, anatetemeka au moyo unaenda mbio. Nenda na kopo au pakiti yake.
- Mjamzito ana kichwa kikali, maluweluwe, degedege, kutokwa damu, au tumbo linalokaza kwa mpangilio kabla ya wakati.

Kama kuna mgonjwa wa pumu nyumbani, fanya jambo moja leo kabla hujalala. Chukua pampu yake, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, itikise na ubonyeze mara moja hewani uone kama bado inatoa dawa. Kisha iweke mahali ambapo bibi, dada wa nyumbani na yeyote anayebaki na mtoto anaweza kuifikia hata usiku wa manane.